Baba yake ataka kusema yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani

Kwenu wa safu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kiamunyi, Nakuru. Kifungua mimba wetu, K., ana miaka 17 na miezi saba, yuko Kidato cha Nne na alikuwa nyumbani kwa likizo. Jumapili alfajiri, kabla hatujaamka, alichukua funguo za gari la baba yake, Toyota Fielder, kwenye msumari wa jikoni, akaondoka na wenzake wawili waliokuwa wamelala kwetu. Alikuwa anampeleka mmoja wao mjini akapande matatu ya kwanza. Leseni hana. Baba yake amekuwa akimfunza kuendesha kwenye uwanja wa kanisa, basi.

Kwenye barabara ya Kabarak alimgonga kwa nyuma mtu wa baiskeli aliyekuwa anapeleka maziwa mjini. Hakusimama. Alimshukisha rafiki yake, akarudi nyumbani kwa njia za ndani, akaegesha gari nyuma ya nyumba, akaingia kitandani na viatu.

Taa ya kushoto ya mbele imepasuka, bampa limechanika na boneti imebonyea upande huo. Maziwa yalikuwa yamekaukia kwenye grili. Nami, Mungu anisamehe, nilichukua ndoo na kitambaa nikayaosha kabla jirani hajaona. Ndani ya bampa nilikuta kifuniko cha mkebe wa maziwa, kile cha aluminiamu, kimekunjika. Nimekificha kwenye droo ya vijiko.

Stejini wanasema yule mtu ana watoto wanne, mguu umevunjika mara mbili chini ya goti, na amelazwa. Vijana wa boda boda wanapita gereji baada ya gereji wakiuliza gari jeupe lisilo na taa ya kushoto.

Baba K. amepanga hivi. Ameshanunua taa ya mtumba na bampa. Fundi anakuja Ijumaa usiku kubadilisha hapa hapa uani. Jumamosi K. anapelekwa kwa shangazi yake Tororo, Uganda, "mpaka upepo upite". Pasta atapeleka shilingi 50,000 kwa familia ya majeruhi bila kutaja zimetoka kwa nani. Na ikijulikana, Baba K. atasema yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, kwa sababu ana leseni na bima. Anasema mzazi asiyeweza kubeba mzigo wa mwanawe si mzazi.

Leo ni Jumatano usiku. K. hali, halali. Nikisema, nitakuwa nimemuuza mwanangu? Na nikinyamaza, je?

Mama K., Nakuru

*

Mama K., pole sana. Tunakujibu haraka kwa sababu siku yako ya kazi ni kesho, Alhamisi, wala si Ijumaa. Sababu yake utaiona huko mbele.

Mzigo wa mtoto wa miaka 17 ni mwepesi kisheria kuliko Baba K. anavyodhani. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeacha milango kadhaa wazi kwa mtoto aliyekosa, na mlango wa kwanza unafunguka kwa mtoto mwenyewe kukubali alichofanya. Kila hatua kwenye mpango wa mumeo inafunga mmoja wa milango hiyo. Tuipitie hatua moja moja, halafu tukueleze la kufanya.

Tuanze na fundi. Mwambie asije. Gari kama hilo, likiwa limekaa juani miaka, taa zake zote mbili huwa zimefifia na kuwa za manjano. Ukiweka nyingine upande wa kushoto, hata ya mtumba, zitatofautiana rangi, na mtu yeyote akisimama mbele ya gari ataliona hilo bila miwani. Boliti za bampa zitakuwa na alama mpya za spana. Rangi iliyopulizwa uani huacha ukungu kwenye mipira ya milango na kwenye nyaya. Mabaki ya taa ya zamani yako barabarani au tayari yako kituoni, na huunganishwa na vishikio vilivyobaki kwenye gari kama vipande vya sahani iliyovunjika. Malipo ya taa na bampa, kama yalipitia M-Pesa, yana tarehe na saa. Kwa hiyo matengenezo hayatafuta ajali. Yatakachofanya ni kuongeza ushahidi kwamba watu wazima wa nyumba hiyo walijua na wakaficha, na hilo ni kosa la peke yake: kifungu cha 116 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu mtu anayeharibu au kuondoa kitu akijua kitahitajika kama ushahidi.

Ajali yenyewe ilikuwa kosa la kuendesha gari. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 73, inamtaka dereva asimame, na asipotoa jina lake na nambari ya gari pale pale, aripoti kituoni mapema iwezekanavyo, isizidi saa 24. Saa hizo zilipita Jumatatu alfajiri. Hilo limeshakuwa kosa la pili na halirudi nyuma. Lakini kuripoti siku ya nne kwa hiari bado ni mbali sana na kukamatwa siku ya kumi na gari lililorembwa. Mwendesha mashtaka na hakimu hutazama tofauti hiyo kwa makini.

Sasa Tororo. Kijana akivuka Malaba au Busia wiki hiyo hiyo, jina la safari hiyo mahakamani ni kutoroka. Dhamana hutolewa kwa mtu ambaye mahakama inaamini atarudi. Mtoto mwenye nyumba, wazazi wawili, shule na mtihani mbele yake ana kila sababu ya kupewa dhamana. Aliyefichwa ng'ambo ya mpaka hana. Na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ataifanyia wapi? Kesi haimzuii kufanya mtihani. Kukaa Uganda kutamzuia.

Tukae kidogo kwenye ule uongo mkubwa, wa Baba K. kusema ndiye aliyekuwa akiendesha, kwa sababu tunaona ndio anaoutegemea na ndio anaouona kuwa upendo.

Afisa wa trafiki hataridhika na "ni mimi". Atauliza: ulikuwa unaenda wapi saa kumi na moja na nusu alfajiri Jumapili? Ulikuwa na nani? Ulimgonga kwa upande gani, na yeye alikuwa upande gani wa barabara? Ulirudi kwa njia ipi? Simu yako ilikuwa wapi? Simu ya Baba K. ilikuwa inachajiwa chumbani, ya K. ilikuwa mfukoni, ikishika minara kuanzia Kiamunyi hadi mjini na kurudi. Vituo vya mafuta vina kamera. Na humo garini mlikuwa na vijana wengine wawili. Hao wana mama zao pia, na mama zao wakisikia polisi wanauliza, watawaambia watoto wao waseme ukweli wasije wakaingizwa. Siri ya vijana watatu wenye simu haifiki Jumapili ya pili. Kama unadhani hawajaandikiana kitu, muulize K. kwa upole. Na mwambie asifute chochote.

Uongo huo ukishaporomoka, Baba K. atakuwa na mashtaka yake: kumpa afisa wa umma habari za uongo, kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, na pengine njama ya kuvuruga haki, kifungu cha 117. Kanuni hiyo hiyo, kifungu cha 396, inamtambua msaidizi wa mkosaji baada ya kosa, na haikumtoa mzazi.

Lakini baya kuliko yote ni hili, na wazazi wengi hawalijui. Mahakama ya Watoto husikiliza mashtaka dhidi ya mtoto, isipokuwa mauaji na kesi ambayo mtoto ameshtakiwa pamoja na mtu mzima. Baba na mwana wakishtakiwa pamoja kwa kupanga uongo, kesi hiyo yaweza kumtoa K. kwenye mahakama ya watoto, yenye mlango uliofungwa na jina lisilochapishwa, imsimamishe mahakama ya kawaida bega kwa bega na babake. Baba K. atakuwa amemkokota mwanawe mwenyewe hadi mahali ambapo sheria ilikataa kumpeleka.

Halafu uko ule mlango wa kwanza tuliotaja. Sheria ya Watoto inaruhusu mtoto aepushwe na mkondo wa kesi. Badala ya kuhukumiwa, anaweza kuwekewa masharti: kuomba radhi ana kwa ana, kufidia, kufanya kazi ya jamii, kuhudhuria ushauri nasaha. Haitolewi kwa kila mtu anayeomba. Mwendesha mashtaka hupima uzito wa kosa, ushahidi uliopo na ripoti ya afisa wa watoto. Lakini sharti la msingi ni kwamba mtoto akubali wajibu wake kwa hiari, bila kulazimishwa, na mzazi au mlezi aridhie. K. atakubali vipi kosa ambalo babake ameshajitwika? Mlango huo hufunguliwa kutoka ndani, na mwenye ufunguo ni kijana.

Kuna jambo hatuwezi kukuficha. Yule mtu akifariki, mambo yanabadilika. Kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari ni kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki. Kwa mtu mzima adhabu inafika miaka 10, na kumwepusha mtoto na kesi kunakuwa kugumu. Mfupa uliovunjika mara mbili, hasa ukiwa ulitoboa ngozi, huweza kupata maambukizi. Hiyo ni sababu nyingine ya kutosubiri.

Tuje kwa majeruhi, ambaye kwenye mpango wa Baba K. amepewa bahasha tu. Muundi wa mguu wa mtu mzima, ukifanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma, huchukua kama miezi minne hadi sita kushikana, na baiskeli ya maziwa haisukumwi kwa magongo. Shilingi 50,000 zitamaliza wiki chache. Kinachoweza kumlipa kweli ni bima ya gari lenu. Chini ya Sheria ya Bima ya Magari dhidi ya madhara kwa watu wengine, Sura ya 405, bima hiyo ni ya lazima, na fidia kwa mtu mmoja inaweza kufika shilingi milioni 3. Ili aidai, anahitaji abstrakti ya polisi, yaani hati ya muhtasari wa ajali, inayotaja nambari ya gari na kampuni ya bima. Leo hana nambari. Mkinyamaza, hana wa kumdai, na muda wake wa kufungua kesi ya fidia ni miaka mitatu tu. Kwa hiyo kila siku mnayoficha gari mnashikilia pia matibabu na karo za nyumba nyingine.

Mtauliza: bima italipa wakati aliyeendesha hana leseni? Gari lenu wenyewe, hapana. Mlitoe kwenye hesabu. Kwa majeruhi, sheria inaweza kuibana kampuni ilipe hukumu ya mahakama, kisha ikawageukia nyinyi kudai pesa zake. Ni mzigo, ndiyo. Lakini mnaweza kuomba kulipa kwa awamu mkiwa wakweli. Baba K. akijaza fomu ya madai kwa uongo, kampuni ikagundua, hapatakuwa na awamu wala mazungumzo. Patakuwa na shtaka jingine. Ripoti kwa bima mara tu baada ya polisi, kwa maandishi, mkitaja dereva halisi, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mkataba wa bima huweka muda mfupi wa kutoa taarifa, na nyinyi mmeshachelewa.

Pesa za kupitia kwa pasta, zuieni. Si kwamba kusaidia ni kosa. Pesa zinazopelekwa gizani, kabla ya kuripoti, mahakamani husomeka kama bei ya kunyamaza. Na pasta wa watu atageuka shahidi. Mkitaka kusaidia, na mnapaswa, wakili awasiliane na familia, malipo yafanywe kwenye akaunti ya hospitali kwa nambari ya mgonjwa, risiti itoke, na barua fupi iseme wazi kwamba msaada huo hauna sharti lolote. Neno "ondoeni kesi" lisitajwe na yeyote upande wenu, hata kwa utani, hata na shangazi mwenye nia njema.

Sasa kesho.

Tulisema Alhamisi kwa sababu ya Katiba, ibara ya 49: aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha nje ya saa za korti, husubiriwa siku ya korti inayofuata. Mkienda Ijumaa alasiri, mtoto anaweza kulala kituoni hadi Jumatatu. Mkienda Alhamisi saa mbili au tatu asubuhi, kuna nafasi nzuri ya kurudi naye jioni kwa dhamana ya polisi, au kufika mbele ya hakimu Ijumaa.

Kabla ya kituo, wakili. Mtafuteni usiku huu huu kwa simu. Ukimjua mmoja aliyezoea kesi za watoto ni bora kuliko wakili wa mashamba aliye rafiki wa familia. Uwezo ukiwa mdogo, kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na mtoto aliyeshtakiwa akikosa wakili mahakama inaweza kuagiza apewe. Wakili asikie kila kitu, pamoja na ndoo na kitambaa chako. Usimwachie alijue siku ya kesi. K. aandike kwa mkono wake, kwenye karatasi, kilichotokea tangu alipochukua funguo hadi alipolala, na karatasi hiyo impe wakili peke yake. Mambo kati ya mteja na wakili wake yana kinga ya siri. Ya WhatsApp ya ukoo hayana.

Beba cheti halisi cha kuzaliwa cha K. na nakala mbili. Hiki ndicho kitu cha kwanza kuliko vyote: kijana mrefu mwenye ndevu changa asiye na cheti huandikwa mtu mzima, na huwekwa na watu wazima. Beba pia kitambulisho cha Baba K. na chako, nakala ya logibuku (hati ya umiliki wa gari), cheti cha bima, funguo za gari, sweta ya kijana na kitabu. Gari liacheni lilipo. Lifunikeni turubai, msilioshe tena, msilisogeze. Polisi watalifuata wenyewe kulikagua. Mlipige picha pande zote nne kabla halijaondoka.

Nendeni kituo cha eneo ajali ilikotokea, dawati la trafiki. Ripoti iandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, na upewe nambari yake. Iandike pamoja na saa, jina la afisa na nambari yake ya kazi. Omba afisa wa watoto aitwe. K. asihojiwe bila mzazi au wakili kuwapo, na akiwekwa ndani akae mbali na watu wazima. Hiyo ni haki yake, wala huombi upendeleo. Ataripoti ajali kama sheria inavyotaka. Maelezo marefu ayatoe wakili akiwa amekaa kando yake.

Maelezo ya Baba K. yawe mafupi na ya kweli: alikuwa amelala, funguo zilikuwa jikoni, hakutoa ruhusa. Hilo la ruhusa ni muhimu, maana mwenye gari anayemruhusu asiye na leseni kuendesha anatenda kosa lake mwenyewe. Akiulizwa juu ya masomo ya uwanja wa kanisa, asiyafiche. Juu ya taa na bampa alivyonunua, afuate ushauri wa wakili wake. Kuwa na haki ya kunyamaza si sawa na kudanganya.

Dhamana ya pesa taslimu hutolewa risiti ya serikali. Afisa yeyote, au mtu wa katikati, akiomba "kitu kidogo" cha kumaliza mambo, jibuni kwamba wakili ndiye anayeshughulikia. Chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 mtoaji naye ni mkosaji, na kwake adhabu inafika miaka 10 gerezani au faini ya shilingi milioni 5. Wazazi huwa hawaoni kuwa hapo wanatenda kosa. Wanajiona wanakomboa mtoto.

Usiku huu, kabla ya yote hayo, kuna mazungumzo mawili.

La kwanza ni na K. Usimhutubie. Kaa naye chini, zima televisheni, mwambie: "Kesho tunaenda kituoni, mimi na wewe na wakili. Utasema ulichofanya. Mimi nitakuwa nimekaa hapo hapo." Mweleze kitakachotokea kwa mpangilio, maana kijana huogopa zaidi asichokijua. Mwambie kwamba mtoto hahukumiwi kifungo cha jela. Halafu mwambie na la upande wa pili, asidhani anaenda kusafishwa: kuna mtu ambaye atatembea kwa magongo, na siku itafika atamwangalia usoni. Kijana asiyekula wala kulala tangu Jumapili asilale peke yake chumbani leo. Dawa za ng'ombe na za kupulizia mimea zifungiwe. Akisema hata kwa mzunguko kwamba afadhali asingekuwapo, chukulia kwa uzito wote. Nambari 116 ya msaada kwa watoto ni ya bure na hupokewa saa zote, mpeleke na hospitali.

La pili ni na Baba K. Usianze na sheria, atakushinda kwa sauti. Anza na anachotaka: anataka mwanawe asiharibikiwe. Mwulize, "Ukifungwa wewe, nani atalipa fidia, nani atalipa karo za hawa wawili wadogo?" Kisha mwulize K. atakuwa mtu wa aina gani akiwa na miaka 30, anajua babake alikalia kiti chake kizimbani. Usitake jibu hapo hapo. Mpe simu azungumze na wakili, kwa sababu wanaume wengi hukubali kwa mtu wa nje walichokataa kwa mke. Kama kuna mzee anayemheshimu, kaka mkubwa au baba wa ubatizo, aitwe usiku huu, lakini mmoja tu.

Akikataa kabisa, nenda na mwanao peke yako. Ibara ya 53 ya Katiba inawapa mama na baba wajibu sawa juu ya mtoto. Huhitaji sahihi yake kumpeleka K. kwa wakili wala kituoni.

Uliuliza kama utakuwa umemuuza mwanao. Angemuuza anayekwenda kusema nyuma ya mgongo wake. Wewe unakwenda naye, umemshika mkono, yeye akisema kwa kinywa chake. Na ukinyamaza? Jua kwanza kwamba Sheria ya Ushahidi humlinda mke asilazimishwe kumshuhudia mumewe kwenye kesi nyingi za jinai, lakini haina kinga kama hiyo kati ya mama na mwana. Kimya chako kinaweza kuishia kizimbani, ukiulizwa chini ya kiapo ulichokiona kwenye grili. Kujua tu hakukufanyi mkosaji. Kusaidia kuficha ndiko kunakokuingiza. Kuosha gari kulikuwa hatua moja kuelekea huko. Mwambie wakili leo, nawe usichukue ya pili.

Kile kifuniko cha mkebe kitoe kwenye droo ya vijiko. Usikinyooshe, usikisugue. Kitie kwenye mfuko wa karatasi, ule wa unga ukiwa safi unafaa. Wa plastiki hukusanya unyevu. Andika juu yake ulikipata lini na wapi, mpe wakili akikabidhi pamoja na gari, na hakikisha kimeandikwa kwenye orodha ya vitu vilivyopokewa kabla hujaondoka kaunta.